Mkomamanga wa Ruzuna

Kiangazi kilikataa kwisha. Sisemi kilichelewa, maana kinachochelewa kina siku yake. Hiki kilikataa tu, kikakaa juu ya mji ule usio na jina kama mgeni aliyekwisha kula, akanawa, na bado hanyanyuki. Watu walikwisha kuzoea. Walisema "mwisho wa kiangazi" kwa namna watu wa kwingine wanavyosema "nyumbani", yaani mahali pa kukaa. Mtoto aliyezaliwa mwisho wa kiangazi aliota meno mwisho wa kiangazi, akaoa mwisho wa kiangazi, akaanza kuota mvi, na bado ukimuuliza ni majira gani atakuambia ni mwisho wa kiangazi. Masika lilikuwa neno la vitabuni. Walimu walilifundisha, na watoto waliliandika bila kuuliza.

Kilimani, mahali ambapo kila jicho lilipaona hata lisipotaka, palikuwa na Jumba la Majira. Humo, waliambiwa, ndimo majira yanamofunguliwa na kufungwa. Kiangazi hakiishi kwa sababu mawingu yamekuja. Mawingu yalikuja mara nyingi, yakakuta hayajatangazwa, yakaenda zao. Kiangazi kinakwisha kikitangazwa kuwa kimekwisha. Nani anatangaza? Mkubwa. Mkubwa ni nani? Hapo mtu alikohoa na kukuuliza habari za nyumbani.

Mzee Vuai hakuwa mtu wa kutazama kilimani. Alitazama chini, uani kwake, tangu magoti yalipomwambia basi. Asubuhi hiyo, ambayo ilikuwa mpya au ilikuwa ya jana imerudi, hana hakika, alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akiangalia ua unavyokauka. Mbaazi za ukutani zilikuwa zimefika mahali maganda yanapasuka yenyewe jua likipanda, ta, ta, na mbegu zinarukia mchangani zisikoota. Mchicha ulikwisha kwenda juu, ukatoa mashuke, hauliki tena. Mjusi alishuka ukutani jua lilipofika kwenye bawaba ya mlango, akaulamba mtungi ubavuni pale unapotoa jasho, akapanda zake. Ndege chozi alikuja kwenye ua la mgomba, akatia mdomo, akautoa, akajaribu upande wa pili kwa adabu ileile. Nyenze walilia mpaka mtu akasahau kwamba wanalia. Vuai aliyajua yote haya kwa zamu zake, kama karani anavyojua nani anaingia saa ngapi, na hakukuwa na hata kimoja kilichomfurahisha.

Waliomuuma hasa ni dondora, wale nyigu wa udongo, nao hawakuwahi kumgusa. Walikuwa wanajenga kwenye boriti ya juu ya mlango, vyumba vyao vya udongo, kimoja pembeni ya kingine. Mjenzi wa udongo anahitaji udongo mbichi, na katika mtaa mzima palikuwa na mahali pamoja tu penye udongo mbichi: shinani mwa mkomamanga. Walikuja kutoka kwa majirani, kutoka nyuma ya msikiti, pengine kutoka vitongoji ambavyo Vuai hakuwahi kufika, wakatua pale, wakafinyanga donge, wakaruka nalo. Alihesabu safari zao mpaka akaacha. Na ule unyevu ulikuwa maji ya kunywa ya mkewe.

Kazija alitoka ndani wakati huohuo, na kata mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu aliyepungua. Kanga aliifunga mizunguko miwili na bado ililegea. Alitembea kwa kunyata, si kwa kuiba, kwa kuogopa kumwaga. Alifika kwenye mkomamanga, akainama, akamimina taratibu, pembe kwa pembe, akingoja mchanga unywe kabla hajaongeza.

"Umekunywa?" Vuai aliuliza.

"Nimekunywa."

"Saa ngapi?"

"Baba Ruzuna, siku hizi umekuwa askari?"

"Midomo yako imepasuka."

"Na yako je? Umejitazama?" Akaweka mkono juu ya shina, kama mtu anayepima homa. "Leo limedondoka jani moja tu. Jana yalikuwa matatu. Unaona anavyojikaza."

Alisema *anavyojikaza*. Hakuwahi kusema *unavyojikaza*. Kwa Kazija mti ule ulikwisha kuwa mtu zamani, na mtu mwenyewe alikuwa Ruzuna.

Nieleze hapa, msije mkaniona napiga porojo. Katika mji huo kila mtoto alikuwa na mti. Kitovu kikidondoka, baba ndiye anayekifunga kwenye kipande cha kaniki, anakwenda uani peke yake, anachimba, anafukia, kisha anarudi ndani na kumwambia mama: mti fulani. Haulizwi mara mbili, na hakuna anayemfuata kuangalia. Neno lake moja linatosha maisha. Kuanzia siku hiyo mti ule ni shahidi wa yule mtu. Mtu akipotea, akifungwa, akikosa kusikika, Jumba la Majira humtuma karani kila kiangazi kinapofika mwisho wa mwisho wake. Karani anakwangua gome kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa na kijani, jina linabaki kwenye daftari la walio hai, na mama ana haki ya kwenda mlangoni pa Jumba kuuliza habari. Pakiwa pakavu, jina linafutwa. Na jina likifutwa huna wa kumuulizia, maana utamuulizia nani?

Ruzuna alikuwa mtoto wao wa pekee, binti mwenye sauti nene na tabia ya kuuliza. Utotoni aliuliza kwa nini jongoo ana miguu yote ile na bado anachelewa. Alipokuwa mkubwa aliuliza nani amekifunga kiangazi, na kwa nini. Alipofika miaka ishirini na kitu, alipanda kilimani na wenzake, mchana kweupe, kuuliza huko huko. Mlango wa Jumba ulifunguka, wakaingia, ukafungwa. Wazazi walipokwenda, bawabu aliwaambia kwa upole kabisa kwamba hakuna aliyeingia, kwa hiyo hakuna wa kutoka. Kazija alirudi nyumbani siku hiyo, akachukua kata, akaanza kumwagilia mkomamanga.

Maji yaligawiwa kata tatu kwa kila mtu kwa siku. Moja ya Kazija iliingia chunguni. Mbili zilikwenda kwenye mti. Alikunywa nini? Alilamba mwiko. Alitafuna jani la mwarobaini akasema lina umande. Mwanzoni Vuai alimwachia kata yake moja, na hiyo nayo ikaenda mtini.

Sasa sikilizeni hili ambalo Vuai alilijua na Kazija hakulijua. Kitovu cha Ruzuna hakikuwa kwenye mkomamanga.

Siku ile ardhi ilikuwa ngumu, mwisho wa kiangazi, wakati mwingine upi tena? Vuai alikwenda uani na jembe na kifurushi cha kaniki. Alipiga jembe shinani mwa mkomamanga mara ya kwanza, likaruka. Mara ya pili mpini ukalegea. Pembeni, nyuma ya bafu, palikuwa na mpapai uliojiotea wenyewe, na maji ya kuogea yalikuwa yamelainisha ardhi yake. Alichimba pale kwa mkono mmoja. Alifukia, akakanyaga, akarudi ndani kabla jasho halijamtoka. Mama aliyejifungua aliuliza kwa macho tu. Vuai akasema: mkomamanga.

Hakuna anayezika kitovu cha mwanawe kwenye mpapai. Mpapai ni mti wa miaka michache, una tumbo tupu, unaota penye mate ya mtu aliyetema mbegu. Tena ule ulikuwa dume, unatoa maua marefu yanayoning'inia na haujui kuzaa. Alijisemea kesho nitakuja na jembe zima nikihamishe. Kesho ile haikuja, na mji wenyewe mnauona, kesho yake inafanana na jana. Miaka ikapita. Mpapai ule, kwa ubishi wake, ukakataa kufa kama wenzake. Ukawa mnene, ukainama kidogo, ukawa unautilia kivuli mkomamanga.

Halafu Kazija akaukata. Ndiyo. Siku kumi na moja kabla Ruzuna hajapanda kilimani. Alisema mpapai dume unakula maji bure na unamnyima mwanawe jua. Vuai alisimama pale. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima, haukuwa na ugonjwa wowote. Alichosema ni, "Utachoka." Kazija akasema panga ni butu. Vuai akalichukua lile panga, akakaa kwenye kigoda hiki hiki, akamnolea.

Mwanadamu ni nini, basi? Swali hili Vuai hakulipata kitabuni. Lilimjia kwa kutazama dondora. Ikiwa mti wa kweli ulikatwa, na mti wa uongo ukamwagiliwa, na karani akakwangua ule wa uongo akakuta kijani, na jina likabaki, basi jina lile lilikuwa limeshikiliwa na nini miaka yote? Na mti usiomjua? Na mama anayeamini? Au na mzee muoga aliyekaa mlangoni mwa jiko? Pengine watu wote wa mji ule, hata wale wanaokwenda sokoni na kurudi na vikapu, walikuwa wamesimama juu ya neno moja la baba fulani aliyekuwa na haraka. Pengine huyo Mkubwa wa kilimani naye ni neno tu lililosemwa zamani na mtu aliyetaka kurudi ndani, na baadaye likaota mizizi, likapata bawabu. Nani wa kulichimba? Vuai aliona kichwa kinamzunguka, akatazama chini tena. Sisimizi walikuwa wanapanda ukutani na mayai yao meupe, mstari mmoja, wakiamini kwamba mvua inakuja. Hakuna aliyewaambia kwamba haijatangazwa.

Ilikuwa hapo, jua likiwa wima na vivuli vimejificha chini ya vitu vyao, alipomwona mtu uani. Kijana, kifua wazi, jembe begani, kifurushi cheusi mkononi. Vuai alimjua kwa goti la kushoto, lile lililokuwa bado halijaumia. Kijana alipiga jembe shinani mwa mkomamanga, likaruka.

"Chimba," Vuai alimwambia. "Ongeza nguvu, ardhi ya chini ni laini."

Kijana alipiga tena. Mpini ukalegea. Akaukaza kwa kiganja, akatazama mlangoni, moja kwa moja, akampita Vuai kwa macho kama watu wanavyompita mzee.

"Usitazame huku. Chimba hapo hapo. Una haraka gani wewe? Una miaka mingi, hujui ilivyo mingi. Usiende kule. Kule si pa kuzikia mtu. Nakuomba. Mwanangu, nakuomba."

Alijiita mwanangu, na hakucheka. Kijana alikwenda nyuma ya bafu. Vuai hakumfuata kwa macho; aliyajua yaliyobaki. Nafsi yake ikaanza kumsemesha.

Sema, Vuai.
Niseme nini?
Sema ulichozika na ulipozika.
Nikisema, jina litafutwa.
Usiposema, mkeo atakufa kwa kiu.
Jina au mke.
Huyu anapumua. Jina halipumui.
Lakini hapumui kwa lingine ila kwa hilo jina.
Sema.
Kesho.
Kesho ipi?

Kishindo kilimrudisha. Kazija alikuwa ameanguka shinani mwa mti, kwa ubavu, kata imeshikwa wima mkononi, haikumwagika. Vuai alifika kwa magoti yale yale yaliyomwambia basi. Alimuinua kichwa. Ngozi yake ilikuwa ya moto na haikuwa na jasho. Dondora mmoja alitua karibu na kidole chake, akafinyanga donge lake, akaenda.

"Kunywa," Vuai alisema. "Kata iko mkononi mwako. Kunywa, Mama Ruzuna."

"Mpe yeye."

"Kidogo tu. Funda moja."

"Karani anakuja kesho." Sauti yake ilikuwa kavu, inakwaruza. "Matawi ya juu yameshakauka, unafikiri sijayaona? Pamebaki hapa chini tu. Akikwangua hapa kuna kijani. Nikinywa mimi leo, yeye kesho atakuwa nani? Mpe yeye."

Vuai akachukua ile kata, akaumiminia mti. Mbele ya macho ya mkewe alimwagilia uongo wake, na alipomaliza Kazija akatabasamu kwa midomo ile iliyopasuka, na tabasamu lile ndilo lililommaliza. Alijua kwamba hatavumilia kuliona mara ya pili.

Akapiga moyo konde. Asubuhi ilipofika, ikiwa ilifika, alimkuta ameketi mkekani chini ya mkomamanga akiokota majani yaliyodondoka na kuyaficha ndani ya upindo wa kanga, karani asije akayaona. Vuai hakukaa kwenye kigoda. Aliketi chini, mbele yake, miguu ameikunja kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Ruzuna, nina neno."

"Sema haraka. Mtu anakuja."

"Siyo hapa."

"Siyo hapa nini?"

"Kitovu. Sikukizika hapa." Alitazama mikono yake. "Ardhi ilikuwa ngumu. Nilikizika kule nyuma ya bafu, kwenye mpapai. Nikaja nikakuambia mkomamanga. Nimekudanganya miaka yote. Mti huu hauna kitu. Huu ni mti tu. Kwa hiyo kunywa maji, nakuomba, usijiue kwa ajili ya mti usiokuwa wake."

Alikuwa amejitayarisha kwa mengi. Alijitayarisha kupigwa, kutukanwa yeye na ukoo wake, kuona mtu anaingia ndani na kufungasha nguo. Aliona kwamba yote hayo angeyabeba, na baada ya kuyabeba mkewe angekunywa maji. Hivyo ndivyo alivyopiga mahesabu yake, maskini.

Kazija hakumtukana. Aliendelea kushika upindo wa kanga. Midomo ilikuwa inakwenda bila sauti, na Vuai alipoitazama vizuri aliona kwamba anahesabu siku.

"Kumi na moja," Kazija alisema mwishowe.

"Mama Ruzuna..."

"Niliukata, na siku ya kumi na moja akaenda." Alitazama nyuma ya bafu. Hapakuwa na kitu pale, shimo la kisiki tu lililoliwa na mchwa. "Basi nilimkata mimi."

Hapo Vuai akaona alichokifanya. Alikuwa amebeba jiwe miaka na miaka, akadhani akilitua litakaa chini. Kumbe alikuwa amemkabidhi mwenzake, na mwenzake amelipokea kwa mikono miwili. Sasa alitaka kulirudisha.

"Nimesema uongo," akasema upesi. "Sikiliza. Nilitaka unywe maji tu. Nimeitunga sasa hivi hiyo habari. Kitovu kiko hapa, hapa ulipokaa, nilichimba mpaka kiwiko. Mkomamanga, kama nilivyokuambia siku ile. Wallahi."

Kazija akamtazama. Maisha yao yote alimwamini kila alichomwambia, na hakuwahi kumuuliza mara mbili. Alimwamini habari za bei, za ndugu zake, za homa itakayopita. Alimwamini siku ile kwa neno moja, akiwa amelala na damu ya uzazi. Sasa alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayeficha mkono nyuma.

"Hapana," alisema. "Hili la pili ndilo la uongo."

Waliketi hivyo. Chozi alikuja kwenye ua la mgomba, akatia mdomo, akautoa. Sikumbuki waliketi kwa muda gani, na katika mji ule hata ningekumbuka isingesaidia.

Karani wa Jumba la Majira alifika na mwavuli. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kusalimia vizuri. Aliuliza habari za afya zao, akasema jua la mwaka huu si mchezo, kana kwamba kulikuwa na la mwaka mwingine. Alifunga mwavuli, akalifungua daftari, akatafuta jina kwa ncha ya kalamu. Kisha akainama chini ya mkomamanga na kukwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba. Alikwangua juu, pakatoka unga. Alikwangua katikati, pakatoka unga. Alikwangua chini kabisa, karibu na udongo mbichi, akapuliza, akatazama kwa muda mrefu.

"Hapa kuna kijani," alisema. "Kidogo, lakini kipo." Akamgeukia Kazija, maana ushahidi ni wa mama. "Mama, unashuhudia kwamba huu ndio mti wa Ruzuna binti Vuai, na kwamba kitovu chake kiko hapa?"

Miaka yote Kazija alilijibu swali hilo kabla halijaisha. Vuai alishika mchanga kwa vidole. Aliona kwamba mkewe hajui kusema uongo. Hakuwahi kuwa na haja nao, nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja wa kazi hiyo. Akafungua mdomo wake amsaidie.

"Ndio huu," Kazija alisema.

"Kitovu kiko hapa?"

"Kiko hapa. Baba yake alikizika mwenyewe. Alichimba mpaka kiwiko."

Karani akaandika. Akawatakia kheri, akafungua mwavuli, akaenda nyumba ya pili, ambako pia kulikuwa na mti na mama. Jina lilibaki. Ruzuna alikuwa hai tena kwa mzunguko mwingine mzima wa kiangazi, kwa mujibu wa Jumba la Majira, lililosema pia kwamba hakuwahi kuingia.

Kazija akainuka. Aliupita mkomamanga bila kuugusa, akaenda kwenye mtungi, na mjusi akakimbilia juu. Alichota kata iliyojaa. Aliinywa yote, kwa mafunda makubwa, maji yakimtiririka kidevuni na kulowesha kanga kifuani. Akachota nyingine, akainywa. Vuai alikuwa ameliomba jambo hilo siku zote hizo, na sasa alilitazama na machozi yakamtoka, kwa sababu mtu hanywi hivyo isipokuwa amekwisha kuacha kumwekea mwingine.

Alirudi akaketi mkekani. Aliacha upindo wa kanga, majani makavu yakamwagika mapajani. Dondora walikuwa wanatua shinani, wanajaribu udongo, wanaondoka mikono mitupu. Ulikuwa umeanza kukauka.

"Siku ile," Kazija alisema, "ulikuwa na haraka ya nini?"

Vuai alikuwa na majibu mengi. Jembe, mpini, ardhi. Alikuwa amejipa yote, akayazungusha mpaka yakalainika. Lakini leo hakuwa na nguvu ya kuchagua, likatoka lililokuwa chini kabisa.

"Nilitaka kurudi ndani nimtazame. Alikuwa macho nilipotoka. Niliogopa nitamkuta amelala."

"Na ulimkuta je?"

"Amelala."

Kazija alitikisa kichwa polepole. Alinyoosha mkono, akamfuta mchanga uliomganda kwenye vidole, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimfuta akirudi shambani walipokuwa vijana.

"Ungechimba tu, Baba Ruzuna," alisema. "Angeamka."